Pikapu ya mjomba: turubai au kifuniko kigumu?

Leo naacha programu kidogo. Mjomba wangu wa Keroka amenunua Isuzu D-Max kuukuu, na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kompyuta katika ukoo, kanipa kazi ya kumchagulia kifuniko cha nyuma.

Mwenyewe alishapenda kile kigumu cha fiberglasi, chenye kufuli. Kinapendeza, sikatai. Ila nilimuuliza swali ninalowauliza wateja kabla sijaandika hata mstari mmoja: utabeba nini? Siku ya soko hupakia ndizi, mikungu ikapita kuta za gari. Kifuniko kilicholala juu ya kuta hizo hakitafunga. Atakivua akiache nyumbani, na mvua ya alasiri huku Gusii haimsubiri mtu. Tena hutengenezwa kwa umbo la gari moja; akiuza pikapu, nacho kimekwenda. (Waliowahi kufungwa na programu ya kampuni moja wananielewa.)

Mimi nasema turubai juu ya fremu ya vyuma, ifungwe kwa boliti ili ivuliwe. Fundi yeyote wa kuchomelea ataiweza. Muhimu iinuke katikati kama paa. Ikiwa bapa, maji yatatuama, turubai lilegee, kisha lipasuke.

Udhaifu wake naujua: wembe mmoja tu na mwizi yumo ndani. Ningekuwa nabeba kompyuta za wateja, ningechukua kile cha kufuli bila kubishana. Lakini mjomba habebi kompyuta, jamani!

Bado hajanijibu. Nasikia jana alirudi kukitazama kile cha fiberglasi.