Sisi ni Tofauti Bwana!

Najua nimepotea, ni mambo ya kukimbizana na mazoezi ya kufundisha. Leo nina hoja moja tu, imenikaa kichwani tangu wiki iliyopita tulipokuwa tunabishana kantini.

Swali lilikuwa rahisi: ni nchi gani haijaridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989? Karibu meza nzima ikasema Somalia. Mwingine akasema Sudan Kusini. Hapana jamani, hao wote waliridhia 2015. Kati ya wanachama wote wa Umoja wa Mataifa amebaki mmoja tu, naye ni Marekani.

Na wala si kwamba hawakuwepo. Wawakilishi wa serikali ya Reagan walishiriki sana kuuandika mkataba wenyewe. Februari 1995 Madeleine Albright akausaini kwa niaba ya nchi yake. Lakini kusaini siyo kuridhia. Kule lazima theluthi mbili ya Seneti ikubali, na hakuna rais hata mmoja aliyewahi kuupeleka huko ukapigiwe kura. Kinachochekesha ni kwamba 2002 waliridhia itifaki zake mbili za nyongeza, ile ya watoto vitani na ile ya uuzaji wa watoto. Yaani kitabu wamekikataa, kiambatisho wamekichukua!

Sababu zao? Haki za wazazi, madaraka ya majimbo, na kubwa kuliko zote: sisi ni tofauti. Hii dhana ya upekee ni ya zamani sana kwao. Tangu 1630 John Winthrop alikuwa anawahubiria wenzake kwamba watakuwa kama mji juu ya kilima, dunia nzima inawatazama. Sasa mji wa juu ya kilima utakubali vipi kukaguliwa na watu wa bondeni?

Nikiwa mkweli, hoja ya majimbo siyo ya kijinga. Sheria nyingi za familia na shule kule ni za majimbo, siyo za Washington. Ila angalia ilikuwa inawalinda kina nani. Mpaka Machi 2005, baadhi ya majimbo yaliweza kumhukumu kifo mtu aliyetenda kosa akiwa na miaka 16 au 17, kitu ambacho mkataba unakataza kabisa. Mahakama ya Juu ilikizuia kwenye kesi ya Roper dhidi ya Simmons, majaji 5 kwa 4. Jaji Kennedy aliandika kwamba nchi yake ilikuwa imebaki peke yake duniani katika jambo hilo. Jaji Scalia akapinga vikali, maoni ya mataifa mengine yanahusu nini hapa? Hapo ndipo upekee unapoonekana ulivyo. Anayefaidika nao ni serikali, anayeulipia ni kijana aliyeko gerezani.

Sasa msianze kuwacheka Wamarekani. Sisi Tanzania tuliridhia 1991, mapema tu, na 2009 tukatunga Sheria ya Mtoto inayosema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Safi kabisa. Ila Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa palepale, inamruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mvulana yeye ni 18. Rebeca Gyumi akaenda mahakamani, 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikafanya nini? Ikakata rufaa! Na moja ya hoja ilikuwa mila na desturi zetu. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Mnaona lakini? Marekani anakataa kuridhia kwa sababu yeye ni tofauti. Sisi tunasaini fasta, halafu "sisi ni tofauti" yetu tunaificha ndani, kwenye sheria ya zamani ambayo hakuna anayeisoma. Kwangu mimi sisi ndio wajanja zaidi, maana mwenzetu angalau anajulikana hajaridhia.

Kilichoniuma zaidi kama mwalimu mtarajiwa ni hiki. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ukimwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30 jela. Nikapiga makofi. Halafu nikazisoma hizo sheria mbili kwa pamoja. Chukua mapacha wa miaka 15. Mmoja yuko kidato cha pili, huyo amelindwa. Mwenzake hakuchaguliwa baada ya darasa la saba, yuko nyumbani anamsaidia mama kuuza vitumbua. Huyo, kwa sheria ya 1971, baba akisema ndiyo anaolewa kihalali. Umri mmoja, tumbo moja la mama, tofauti ni alama za mtihani.

Na alama hizo tunazitoa sisi walimu. Wenzangu mnaosoma sheria pale jirani, hebu nielezeni, huyu wa pili alikuwa mtoto wa mkataba gani?