Wanaosoma biashara wapelekwe kwenye ushirika



Nasoma stashahada ya usimamizi wa biashara katika chuo kimoja jijini Mbeya. Kwetu ni Tukuyu, wilayani Rungwe. Likizo iliyopita nilikaa na mama kibandani kwake, Kiwira, nikamuuliza mkungu mmoja wa ndizi unamgharimu kiasi gani. Alitaja bei ya shambani tu. Nauli ya bodaboda, ushuru, mikungu inayoiva kabla mteja hajafika, siku yake nzima: vyote hakuvihesabu. Tulipovijumlisha kwenye daftari, alinyamaza. Nami niliumia, maana darasani nimefundishwa kukokotoa gharama za kiwanda, si za mkungu wa ndizi.

Rungwe ina chai, parachichi na maziwa, na vyama vya msingi vya ushirika vinavyohitaji watu wa kutunza vitabu. Lakini muda wa mafunzo kwa vitendo ukifika, wengi wetu tunagombania benki na ofisi za mjini. Mimi huko nilishinda nikitoa fotokopi. Naviomba vyuo vitupeleke kwenye vyama hivyo msimu wa mavuno, tukashike mizani, tuandike stakabadhi, tuandae malipo ya wakulima. Hata wiki nane zinatosha kuanzia.

Mwanachuo,
Tukuyu, Rungwe