Hakuna Cheti cha Kutelekezwa

Nikiwa likizoni nyumbani Lizaboni, Manispaa ya Songea, jirani yangu alinijia na fomu ya mkopo ya bintiye aliyemaliza kidato cha sita. Alinyoosha kidole penye orodha ya viambatisho. “Mwalimu, hapa pana cheti cha kifo cha mzazi. Baba wa mtoto huyu hajafa, ametutelekeza. TASAF nako hatumo. Kuna cheti cha kutelekezwa?” Nina shahada ya uzamivu, lakini sikuwa na jibu.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004. Imewavusha wengi, na sipingi kuwapo kwake. Ninachopinga ni imani kwamba umaskini usio na cheti si umaskini. Uyatima huthibitishwa kwa cheti kilichohakikiwa na RITA, ulemavu kwa fomu ya daktari, ufukara kwa namba ya TASAF. Mama aliyetelekezwa, au mkulima wa mahindi aliyeangushwa na bei msimu huu, aambatishe nini? Tumehamisha karatasi zilezile kutoka kwenye bahasha kwenda kwenye mtandao, tukauita huo usasa.

Tazama pia upande wa fedha. Mwaka 2016 makato ya mnufaika aliyeajiriwa yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ilikuwapo pia tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofutwa mwaka 2021. Katika miaka hiyohiyo posho ya chakula na malazi ya mwanafunzi ilikaa palepale, shilingi 8,500 kwa siku, hadi ilipofanywa 10,000 mwaka wa masomo 2022/2023. Serikali ilijua fika kwamba shilingi huporomoka thamani. Ikailinda ya kwake, ya mwanafunzi ikaiacha iporomoke.

Nitaambiwa kwamba bila vyeti waongo watajaa, na fungu ni dogo. Ni kweli fungu ni dogo, na ndiyo maana tusiligawe kwa kubahatisha. Fomu hii tayari hugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti anaifahamu kaya, lakini haulizwi anachokijua. Huombwa saini tu. TASAF yenyewe huzitambua kaya maskini kupitia mkutano wa hadhara, mbele ya majirani. Kwa nini ushahidi huo usipokelewe pia kwa mwombaji wa mkopo asiye na cheti? Mwenyekiti mmoja aweza kuhongwa. Mtaa mzima si rahisi.

Napendekeza mambo matatu: ushahidi wa mkutano wa mtaa utambuliwe rasmi, posho ihuishwe kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na makato yapande kwa ngazi kulingana na mshahara, ili mwalimu anayeanza kazi asikatwe asilimia sawa na mkurugenzi.

Mtumishi wa umma unayesoma haya, huenda nawe ulisoma kwa mkopo huu. Dirisha la maombi litakapofunguliwa tena, jirani yangu atarudi na fomu yake. Nisaidie: nimwambie aandike nini?