Hema na Ugali Si Mshahara

Wasee, Julai ikifika wengi wenu mtaenda Mara. Nyumbu wanavuka, kambi za kando ya Mto Talek zinajaa wageni, na mabosi wanatafuta vijana wa chuo wa kubeba mizigo, kutandika vitanda na kuosha sufuria mpaka Oktoba. Ofa huwa ni ile ile: utalala bure, utakula bure, utapata uzoefu. Mshahara? "Tutaona."

Tutaona nini, bana?

Hiyo hema mnayoambiwa ni zawadi, si zawadi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akupe makao yanayofaa ama akuongezee pesa za kutosha kodi. Juu ya mshahara, si badala yake. Unastahili pia siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na kazi ya miezi 3 ama zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Julai hadi Oktoba, hesabu mwenyewe. (Atachi ya chuo ni stori ya siku nyingine, hapa naongelea kazi.)

"Lakini si utaamka ukiona viboko!" Sawa. Viboko wanapendeza kwa Instagram, ila mwenye ploti hachukui viboko. Na mto wenyewe si wa picha tu: Mei 2024 Talek ilivunja kingo, kambi zikafurika, watu wakatolewa na helikopta. Kwa hivyo kabla upakie begi, uliza ni pesa ngapi kwa mwezi, na wafanyakazi wanalala umbali gani kutoka mtoni. Akirudia "tutaona", wewe baki home.