Ng'ombe Akiugua, Mikarafuu Isiuzwe



Katika kurasa hizi twazoea kuzungumza habari za miche, uchumaji, ukaushaji na bei. Leo twaomba ruhusa yenu tuzungumze habari za ng'ombe. Asije mtu akasema tumepotea njia. Akisoma mpaka mwisho ataona kuwa njia ni ile ile, nayo yaishia shambani, chini ya mikarafuu.

Twamjua mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye jina lake twalihifadhi, aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Wakati huo haukuwa msimu; majamvi yalikuwa yamekunjwa, na nyumbani hamna fedha ila zile za maziwa. Siku moja ng'ombe akaacha kula, mwili ukawa moto, na tezi za chini ya sikio zikavimba. Yule bwana akaenda dukani akanunua sindano ya bei nafuu, na jirani akamdunga ng'ombe. Siku tatu zikapita bila ya nafuu. Alipoitwa daktari wa mifugo, ng'ombe alikuwa akivuta pumzi kwa shida na povu lamtoka puani. Daktari akasema ni ndigana kali, akatibu, akataja malipo yake na bei ya dawa. Hakudhulumu mtu, lakini fedha hazikuwapo. Basi yule bwana akamwendea mwenye fedha, akamuuzia karafuu za mikarafuu minane zingali mtini, changa, hata rangi hazijageuka. Siku ya pili yake ng'ombe akafa. Msimu ulipofika, akasimama kando ya shamba lake akitazama wachumaji wa mtu mwingine wakiipanda mikarafuu yake.

Hasara kama hii watu huihesabu kuwa ni ya ng'ombe. Sisi twasema ni hasara ya karafuu. Na shauri letu kwa wanachama ni moja tu: gharama ya kumtibu mnyama itengwe katika msimu wa karafuu, wakati fedha ipo mkononi, wala isingojewe mpaka ugonjwa umekwisha kuingia zizini. Ugonjwa hauna msimu, bali fedha zetu zina msimu. Na tena twajua sote kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka.

Twaanze na kinga, maana ndiyo yenye gharama ndogo. Ndigana kali huletwa na kupe, hasa yule wa rangi ya hudhurungi apendaye kukaa masikioni mwa ng'ombe. Anayemtazama ng'ombe wake masikio kila siku, na kumwogesha au kumpulizia dawa ya kupe kwa zamu zake, amekwisha kujipunguzia nusu ya mashaka. Iko pia chanjo yake. Mnyama hupewa vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo hudungwa dawa ya kuvizuia visimshinde. Akisalimika hupata kinga ya miaka mingi, na mara nyingi ni ya umri wake wote. Malipo yake ni ya mara moja. Na ugonjwa ukishaingia, dawa yake ni maalumu, nayo hufaa zaidi siku za mwanzo. Ile sindano ya kawaida inayouzwa kwa kila homa haimponyi ng'ombe ambaye ndigana kali imekwisha kumshika. Aliyeinunua kwa kukimbia gharama amelipa mara mbili: amelipa dukani, na amelipa kwa siku zilizopotea.

Sasa tuje kwenye bima, maana wanachama kadhaa wametuuliza. Wengine wamesikia kuwa Ulaya hata paka na mbwa wa nyumbani hukatiwa bima ya matibabu, wakacheka. Hapana la kucheka. Huko Uswidi bima ya wanyama ilianza mwaka 1890 kwa farasi na ng'ombe, yaani wanyama wa kazi na wa maziwa kama hawa wetu. Mbwa wa kwanza alikuja kukatiwa bima mwaka 1924. Jambo hili basi lilianza kwa wakulima.

Lakini bima si sanduku la fedha ambalo mtu hulifungua apendapo. Kabla ya kutia sahihi, mwanachama aulize maswali manne. La kwanza: je, yalipa matibabu, au yalipa mnyama akifa tu? Bima nyingi za mifugo hulipa kifo. Gharama ya daktari na dawa yabaki kwako. La pili: je, ni maradhi gani yaliyotolewa? Mnyama aliyekuwa mgonjwa siku ya kuandikishwa kwa kawaida halipiwi, na mara nyingi huwekwa siku kadhaa za kungoja kabla bima haijaanza kufanya kazi. La tatu: je, sehemu gani ya hasara nitaibeba mwenyewe? La nne: je, wataka ushahidi gani? Kwa kawaida hutakiwa alama ya mnyama sikioni, cheti cha daktari na taarifa ya mapema. Anayemzika ng'ombe usiku na kwenda kudai asubuhi atarudi mikono mitupu.

Tazameni mfano wa karibu. Huko Marsabit, kaskazini ya Kenya, mwaka 2010 ilianzishwa bima kwa wafugaji inayotazama hali ya majani kwa picha za setilaiti. Majani yakikauka kupita kiasi, mfugaji hulipwa. Ni bima ya maana sana kwa mtu wa nchi ya ukame. Lakini ng'ombe akifa kwa ndigana kali na majani yangali mabichi, bima ya namna hiyo haimlipi mtu hata senti. Haina kosa, haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Nasi twanunue kinachofaa kwetu. Mwenye ng'ombe wa thamani kubwa, na ambaye kifo chake kingemrudisha nyuma miaka, aitafute bima ya kifo. Na wanaoingiwa na shaka katika dini juu ya bima za kawaida, wawaulize wanavyuoni habari za takafuli, ambayo msingi wake ni kusaidiana.

Lakini kwa gharama ya daktari, dawa yetu iko mikononi mwetu wenyewe. Twashauri kila tawi lianzishe mfuko wa matibabu ya wanyama. Tuseme mathalan watu ishirini, na kila mmoja atoa shilingi 2,000 kwa juma. Hiyo ni shilingi 40,000 kila juma, na kwa mwaka wa majuma 52 ni shilingi 2,080,000. Asiyeweza kutoa kila juma atoe ya mwaka mzima siku anapouza karafuu zake, kabla hajaingia dukani. Haba na haba hujaza kibaba.

Twajua jibu la wengine: mifuko kama hii imeanzishwa zamani na imekufa. Ni kweli, na sababu twazijua. Fedha zilitolewa mkononi mwa mwenye mnyama zikaenda harusini. Au aliyekopa hakurudisha, na jamaa zake wakaona haya kumdai. Kwa hiyo sheria ziwe chache na ngumu. Fedha ilipwe kwa daktari, kwa risiti, wala isipite mkononi mwa mwenye mnyama. Kiwango cha juu kwa mnyama mmoja kiandikwe. Asiyeogesha wanyama wake asaidiwe nusu tu. Kitabu cha hesabu kisomwe hadharani kila mwezi. Na atakayeita daktari siku ya kwanza ya ugonjwa asilaumiwe hata ikionekana kuwa homa ilikuwa ndogo. Ni afadhali kulipa safari moja ya bure kuliko kulipa ngozi.

Wapo tena wasemao kuwa fedha za wakulima wa karafuu zisichanganywe na mambo ya ng'ombe. Tunawauliza: samadi mnayotia katika mashimo ya miche yatoka wapi? Magunia huvutwa na nani kutoka bondeni mpaka barabarani, pahala ambapo gari la moto halifiki? Na miezi ambayo mkarafuu hautoi kitu, chumvi na daftari za watoto hununuliwa kwa fedha gani, kama si ya maziwa?

Mwenzetu yule aliyepoteza ng'ombe na karafuu bado ni mwanachama, na mwaka huu ana ndama wa jike aliyepewa na shemeji yake. Alituambia kuwa jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kuulizia chanjo. La pili, alimwuliza katibu wa tawi lake kama mfuko umeanza. Katibu hakuwa na jibu. Twawaomba wajumbe wa matawi walizungumze jambo hili katika mkutano ujao, kabla majamvi hayajatandikwa, ili mtu akiuliza tena apate jibu.