Tusiwahamishe wazee wetu kwa kikao cha WhatsApp

Kimya changu ni sababu ya UE, zimebaki wiki mbili na hapa Mlimani kila mtu kakondeana na madesa. Ila kuna jambo linanikereketa, nisipolitoa sitasoma.

Ni hivi. Baba ana miaka 76, mama 71. Wako wawili tu kule Rombo, na mwezi uliopita mama kaanguka bafuni usiku. Hakuvunjika, Mungu mkubwa. Tangu siku hiyo kaka na dada zangu wamefungua kundi la WhatsApp, na mle ndani wazee wameshahamishwa tayari! Watakaa kwa kaka mkubwa Kimara, nyumba itafungwa, ng'ombe atauzwa. Tuko watu wazima saba tunachangia mada. Wenye maisha yao hawamo kwenye kundi wala hawajaulizwa.

Hapo ndipo ninapogoma. Sisemi wasihame. Nasema waulizwe.

Kuna msemo tunaupenda sana: eti sisi Waafrika hatupeleki wazazi kwenye nyumba za wazee, hayo ni ya Wazungu. Jamani, makazi ya wazee tunayo. Kuna Nunge kule Kigamboni, kuna Funga Funga Morogoro, Zanzibar kuna Welezo. Ila hayo ni ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Mzee mwenye watoto saba si wa huko. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliiachia familia mzigo huo. Kwa hiyo mjadala wote unabaki kwetu sisi watoto.

Sasa tazama tunachowaandalia. Kaka na shemeji wanatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, wanarudi saa mbili usiku. Watoto wako shule. Baba atakaa ndani ya geti na dada wa kazi na TV, hana wa kuongea naye Kirombo. Hiyo si nyumba ya wazee? Pale Nunge angalau angepata wazee wenzake wa kupiga nao stori.

Na tunamng'oa kwenye nini? Kwa Mchaga kihamba si kiwanja tu. Babu na bibi wamelala pale pale kwenye migomba. Baba ni mzee wa kanisa, mama ana jumuiya yake, akipita njiani anasalimiwa na kila mtu. Dar atakuwa "bibi wa kwa fulani" basi.

Ila tusidanganyane, kubaki nako kuna hatari. Mama ana presha na sukari. Masika njia ile inateleza, na usiku akianguka tena baba hana nguvu za kumwinua. Halafu msinione mtetezi bure, nina langu. Kwa mila zetu kitindamimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kuwatunza. Kitindamimba ndiye mimi! Mwakani namaliza uhandisi, na kazi zenyewe ziko mjini. Kwenye kundi hakuna aliyelitaja hilo, lakini kila mtu analijua.

Kwa maoni yangu, tatizo la kweli ni hela. Wazee wetu waliishi kwa kahawa, hawana pensheni, na kwa kuwa sisi ndio tunaotuma ya sukari na dawa tunajiona tuna haki ya kuamua. Zanzibar tangu 2016 mzee aliyefika miaka 70 anapata pensheni jamii. Hata ikiwa ndogo, mwenye chake huwa anaulizwa.

Basi tuulize, tena kwa adabu. Kwetu mtoto hamwambii baba "umechoka". Tumtangulize shangazi, yeye baba anamsikiliza. Tuanze na swali: "Baba, mama akiugua usiku mnafanyaje?" Halafu tunyamaze tusikie. Mama aulizwe peke yake, maana mbele ya baba atasema ndiyo kwa kila kitu. Na kabla ya kufunga nyumba kuna mengi ya kujaribu: choo cha ndani chenye vyuma vya kushikia, taa ya sola, binti wa jirani alipwe alale pale. Wakitaka kuonja Dar, waje mwezi mmoja. Ng'ombe asiuzwe kwanza.

Hilo nimeshawaandikia wenzangu kwenye kundi. Wawili wamenuna, dada mmoja kaniunga mkono. Desemba tunapanda wote nyumbani, kikao kikae pale na wenyewe wawepo.

Na wewe ambaye wazazi wako bado wana nguvu, usisubiri waanguke. Mwenye nguvu zake anajibu anachotaka, aliyelala kitandani anaitikia tu.

Nawasilisha.