Bati Jipya Juu ya Papi Mbovu

Upepo ukishaezua nyumba, neno la kwanza litokalo kinywani mwa watu ni bati. Mwenye nyumba huuliza bei ya bati, majirani huchangia bati, na kiongozi afikaye kutoa pole huahidi bati. Twasema kwa heshima zote kwamba hilo si neno la kwanza. La kwanza ni kuuliza kwa nini paa lile liliondoka, na paa la jirani, lililopigwa na upepo ule ule saa ile ile, likabaki. Asiyelijibu swali hilo kabla ya kuegemeza ngazi ukutani hununua bati ambazo upepo wa mwakani utazichukua tena.

Twawakusudia hasa ndugu zetu wa Tangini, Kibaha, na wenzao wa kata jirani hadi Kisarawe. Huko, kandokando ya njia ya Morogoro, nyumba nyingi hujengwa na watu wa kipato cha wastani ambao huziinua kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na paa hungoja mpaka kiinua mgongo kipatikane au mchezo uzunguke. Hatuwalaumu hata kidogo, maana ndiyo njia waliyo nayo. Lakini desturi hiyo ina hasara moja isiyosemwa. Fedha huwa zimekwisha pale pale panapotakiwa mbao nzuri na misumari ya kutosha. Ukuta uliojengwa kwa uangalifu wa miaka mitano huvikwa kofia iliyoshonwa kwa siku mbili.

Kwa mvua ya mawe, Pwani yetu ina nafuu. Hewa ya joto iliyoko chini huyayusha barafu nyingi kabla haijafika ardhini. Balaa hilo ni la nchi za juu zaidi: Kericho, huko Kenya, hutajwa miongoni mwa mahali panaponyeshewa mawe mara nyingi kuliko kwingine duniani, na wenye mashamba ya chai wanalijua jambo hilo kwa hasara yao. Hata hivyo, Watanzania hawajasahau Mwakata. Usiku wa tarehe 3 Machi, 2015, mvua ya mawe na upepo viliishukia sehemu hiyo ya Kahama, mkoani Shinyanga, na watu wasiopungua 38 wakafariki, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba zao wenyewe. Ukuta wa udongo ulioondokewa na paa haulindwi na kitu. Hunyonya maji, hulegea, kisha huanguka juu ya waliojificha nyuma yake. Kwa hiyo tunapozungumza habari za mapaa hatuzungumzi habari za vyombo kulowana tu.

Adui wa Tangini ni upepo. Mwambao huu umepata kuonja vimbunga: Unguja mwaka 1872, mikarafuu ikang'olewa kwa wingi, Lindi mwezi wa Aprili, 1952, na juzi juzi, tarehe 4 Mei, 2024, kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, ndani ya mkoa huu huu wa Pwani. Hayo ni makubwa na hayaji kila mwaka. Kinachoezua nyumba mara kwa mara ni upepo mfupi utanguliao mvua ya masika au ya vuli, ule wa dakika kumi, usiopewa jina na yeyote.

Watu wengi hudhani upepo huliondoa paa kwa kulisukuma. Kweli husukuma, lakini zaidi huvuta kwenda juu. Upepo upitao juu ya paa hulinyonya, na ule uingiao kwa dirisha lililo wazi au mlango uliovunjika hulisukuma kutoka chini. Nguvu zote mbili huelekea juu, na huzidi kwenye pembe, kwenye upenu na karibu na kofia ya paa. Tena nguvu hiyo haiongezeki kwa kipimo cha mwendo peke yake: upepo wa kilomita 80 kwa saa una nguvu mara nne ya ule wa kilomita 40. Ndiyo sababu paa lililosimama miaka sita bila tatizo huweza kuondoka jioni moja, na watu wakasingizia uchawi.

Basi mtu afanyeje asubuhi yake? Kwanza asipande. Nyaya za umeme zilizoanguka au kugusana na bati ziachiwe watu wa TANESCO, na bati lililolowa lisikanyagwe. Akague akiwa chini, kisha aingie ndani, azime taa mchana na kutazama juu: kila tundu litajionyesha kwa mwanga wake. Madoa kwenye dari humwambia maji yalipita wapi, lakini akumbuke kwamba maji hutambaa juu ya mbao, na tundu lenyewe huwa mbali na doa. Apige picha, ahesabu, aandike.

Halafu akaokote bati zilizoanguka na kuzisoma, maana zina habari nyingi kuliko fundi mwenye haraka. Ikiwa msumari umetoka pamoja na bati, mzima na umenyooka, kosa ni la mbao au la msumari: ama papi zimeoza au kuliwa na wadudu, ama msumari ulikuwa mfupi. Ikiwa msumari umebaki kwenye papi na bati limechanika kuuzunguka, bati lilikuwa jepesi mno, au misumari ilikuwa michache mno. Ikiwa bati limekwenda na papi zake, papi hazikushikwa barabara kwenye kenchi. Na ikiwa kenchi zenyewe zimeruka, paa lote halikufungwa ukutani, lilikuwa limewekwa tu kama sinia juu ya chungu. Hali hizo nne zina dawa nne, na bati jipya ni dawa ya moja tu kati yake.

Hilo la mwisho ndilo tulionalo kuwa baya kuliko yote, nalo ni kosa ambalo wazee wetu hawakulifanya. Nyumba ya makuti ya mwambao ilifungwa: nguzo kwa mwamba, mwamba kwa kombamoyo, kombamoyo kwa fito, yote kwa kamba. Ilivuja, na moto ulipoingia haikusalia kitu, wala hatusemi watu wairudie. Lakini hapakuwa na kiungo kilichoachwa huru. Sisi tulipopata saruji na bati tulidhani uzito umechukua nafasi ya kamba, na bati halina uzito wa kutosha kuushinda upepo. Paa la leo nalo lataka mnyororo usiokatika: nondo au bamba la chuma lililozamishwa ndani ya lenta, lipande na kuuzunguka ubao wa juu ya ukuta, kenchi zifungwe kwenye ubao huo, papi zishikwe kwenye kenchi, na bati lipigwe misumari juu ya mgongo wake, si bondeni, yenye kofia pana na mpira chini yake. Kwenye pembe na upenu misumari iongezwe. Bamba na misumari ya ziada ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya nyumba.

Mnunuzi asikubali kuuziwa namba bila kuielewa. Katika geji, namba ikizidi bati huwa jembamba: geji 32 ni nyepesi kuliko geji 30, na geji 30 ni nyepesi kuliko geji 28. Wako wauzaji wanaotegemea mteja afikiri kinyume. Shirika la Viwango Tanzania lina alama yake, itazamwe. Bati lililokunjwa na upepo laweza kunyooshwa na kutumika jikoni au bandani, lakini lisirudishwe juu ya chumba walalamo watoto, maana mahali lilipokunjika ndipo kutu itakapoanzia. Na wenye mapaa ya zamani ya asbesto wasiyakate wala kuyavunja wenyewe, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Hilo ni la kupelekwa halmashauri.

Sasa twageukia upande wa misaada. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa tangu taifa hadi kijiji na mtaa. Sheria ni nzuri. Tungependa kamati ya mtaa iwe na orodha yake kabla ya mvua: nyumba zipi zina papi mbovu, mjane gani hana wa kumpandia juu, darasa lipi limelegea kofia. Siku ya maafa orodha hutungwa kwa kelele, na mwenye sauti kubwa huwa wa kwanza. Tena msaada usiwe wa bati tupu. Bati ishirini bila mbao, bila misumari na bila fundi humlazimisha maskini kuuza tano ili apigilie kumi na tano, tena juu ya papi zile zile zilizomwangusha.

Halmashauri nayo ina wajibu. Kibali cha ujenzi hutolewa kwa ramani, lakini upepo hausomi ramani. Mkaguzi afike wakati kenchi zimesimama na bati halijapanda, maana siku mbili baadaye kila kitu kimefunikwa na hakuna awezaye kujua kilichofungwa na kisichofungwa. Ikiwa wakaguzi ni wachache, vijana waliosoma useremala na uashi katika vyuo vya VETA wako, na wengi wao wanatafuta kazi. Wafundishwe wiki moja na kupewa barua ya utambulisho.

Limebaki suala la wapangaji. Hukaa chini ya paa wasilolimiliki, na mwenye nyumba yuko Ilala au Temeke, huja siku ya kodi. Mpangaji hapaswi kutoa fedha yake kununulia bati nyumba ya mtu bila maandishi ya kukatwa katika kodi, na mwenye nyumba hapaswi kudai kodi ya chumba ambacho mvua inakinyeshea. Wenyeviti wa mitaa ya Tangini wangefanya kazi kubwa kama wangewaita pande zote mbili wakati huu wa kiangazi, paa kwa paa, na kuandika nani atatengeneza nini kabla ya vuli.